Shangazi Avua Saa za Watu

Ijumaa ya tarehe thelathini, tutakapofunga mlango wa karakana jioni, Shangazi atakuwa ametimiza miaka ishirini na nane ya kuvaa saa zisizo zake. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuchelewa kazini, jambo ambalo si la ajabu sana kwa mtu anayetembea na saa tano mkononi. Sherehe itafanyika papo hapo karakanani, kati ya kaunta na meza ya Fundi. Wageni wanaombwa wasiegemee kabati la vioo kwa sababu mguu wake mmoja ni kipande cha tofali.

Wateja wote humwita Shangazi, hata mzee mmoja aliyemzidi umri kwa mbali, ambaye kila akimwita hivyo huambiwa aende akatafute shangazi wa rika lake. Kwa ukoo yeye ni dada mkubwa wa Fundi, mwenye karakana. Mama yao alipofariki, Fundi alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi ndiye aliyemfunga kamba, akamwosha masikio, na baadaye akampeleka kujifunza ufundi wa saa akiwa amemshika sikio lile lile. Fundi alipofungua karakana yake hakumwajiri dada yake. Dada alikuja tu siku ya kwanza, akavuta kiti, akaketi kaunta. Mpaka leo hakuna aliyepata ujasiri wa kumuuliza ni nani aliyemwita.

Kibao cha kaunta kinasema yeye ni Mpokezi. Hiyo ni heshima tu, kwa sababu wateja wengi hawakupokewa, walihojiwa. Kazi yake halisi haina kibao, na ili ieleweke inabidi kwanza ielezwe saa yenyewe.

Saa ya otomatiki haina betri. Ndani yake kuna kipande cha chuma kizito, umbo lake kama nusu sahani, ambacho huzunguka kila mvaaji anapotikisa mkono, na mzunguko huo ndio unaokaza springi. Mkono ukitulia muda mrefu, springi hulegea na saa husimama. Kwa hiyo saa ikishatengenezwa haitoshi kuitazama ikiwa mezani. Lazima ivaliwe na mtu siku mbili tatu, ionekane kama inajijaza yenyewe. Fundi hafai kwa kazi hiyo. Akishaweka lenzi yake jichoni, hukaa kama picha ya pasipoti mpaka jioni. Msaidizi wake, kijana tunayemwita Betri kwa sababu alianza kwa kubadilisha betri na mengine yote yakamshinda kwa muda mrefu, aliwahi kupewa saa ya mteja aipime. Akaenda nayo mpirani, akadaka nayo penalti. Penalti aliiokoa, kioo hakukiokoa. Basi akabaki Shangazi.

Shangazi ni mashoto, na mkono wake wa kushoto ulikuwa haujui kutulia. Ulifagia, ulifuta vioo, ulifukuza paka, ulikanda unga nyumbani, na uliwaita watu walio ng'ambo ya barabara hata kama hana shida nao. Saa zilipangwa kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, ndogo chini, kubwa juu. Ukimuuliza saa ngapi, alikuwa hajibu mara moja. Alizitazama zote, akahesabu zilizokubaliana, kisha akatangaza matokeo. Kama zimegawana sawasawa alikwambia urudi baadaye.

Mkono huo uliwahi kumfikisha pabaya. Siku moja askari alimsimamisha njiani, akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, saa zote hizi ni zako?" Shangazi, ambaye hasemi uongo, akajibu, "Hata moja." Ukweli huo ulimgharimu mchana mzima kwenye benchi la kituo. Fundi alipofika kumtoa alikuta dada yake amewaweka askari wawili mbele yake, anawaeleza kwa nini saa zao zinachelewa. Mmoja bado ni mteja wetu.

Fundi akiwa na saa nyingi za kupimwa alikuwa na mbinu yake ya kazi. Alimchokoza. Alisema tu, bila kuinua kichwa, "Dada, nasikia muuza vitambaa anasema taka za mlangoni kwake zinatoka kwetu." Ikatosha. Shangazi alitoka, akasimama ukingoni mwa barabara, na mkono wa kushoto ukaeleza yote: taka ni za nani, upepo unavuma kutoka wapi, na vitambaa vya nani hupauka kabla havijaonja maji. Alirudi ndani akihema, saa zote zikiwa zimejaa. Muuza vitambaa aliijua mbinu hiyo na hakukasirika. Yeye mwenyewe amevaa saa ya otomatiki, na kwa jinsi alivyokuwa akijibu mashambulizi, haijawahi kusimama.

Wapo wateja waliomwogopa. Meneja mmoja wa benki alileta saa yake akilalamika kwamba kila Jumatatu anaikuta imesimama. Fundi akaifungua, hakuona kitu. Shangazi akaivaa, ikaenda vizuri. Meneja akarudishiwa, Jumatatu ikasimama. Mara ya tatu Shangazi alimwita pembeni, ambapo kwake ni mahali popote wanaposikia watu wote.

"Baba, mwisho wa wiki unafanya nini?"

"Napumzika."

"Unapumzika vipi?"

"Nakaa. Natazama mpira."

"Goli likiingia huwa hunyanyui hata mkono?"

Meneja alikiri kwamba timu yake haifungi mara kwa mara. Shangazi akamrudishia saa na kumwambia kwamba saa ni nzima, mgonjwa ni mkono.

Meneja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizia lile sanduku. Mashine za kuzungushia saa zimeingia mjini, masanduku yenye kioo na taa ndani, unaiweka saa kwenye kimto, mota inaizungusha ili isisimame. Tangu hapo wateja wengi wameuliza kama mwenye saa ya otomatiki anapaswa kuwa nalo, na Shangazi amewajibu kwa namna ambayo imefukuza wauzaji wa masanduku hayo wasiopungua watatu. Kama una saa moja na unaivaa kila siku, sanduku ni mkono wako. Kama una mbili tatu unazobadilisha, ile iliyosimama zungusha kifungo chake cha pembeni taratibu, irekebishe majira, uvae, uende zako. Saa kusimama si ugonjwa. Ila tarehe usiisogeze wakati mishale iko karibu na usiku wa manane, utakuja kulia hapa kaunta na hatutakuwa na kitambaa cha kukupa. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kununua: bwana mwenye saa inayoonyesha siku, mwezi, mwaka na umbo la mwezi wa angani. Kuirekebisha hiyo ikishasimama ni kazi ya kutwa nzima, na Shangazi alisema mtu mwenye subira ya namna hiyo angeitumia kwa mkewe.

Masanduku yenyewe aliyaita bembea. Alikuwa akisema, "Saa ya mtu mzima inabembezwa kama mtoto, kwani inanyonya?"

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, saa zilianza kusimama.

Ya kwanza ilikuwa ya mkunga wa zahanati iliyo nyuma ya soko. Ni saa ndogo yenye mshale wa sekunde unaoonekana vizuri, na mkunga huitumia kuhesabia mapigo ya moyo ya watoto wanaozaliwa. Aliileta isafishwe tu. Fundi akaisafisha, Shangazi akaivaa, kesho yake asubuhi ikawa imesimama. Fundi akaifungua tena, akakagua kila gurudumu, akaifunga. Ikasimama. Wiki hiyo hiyo zikafuata nyingine mbili. Fundi akabadilisha mafuta. Akalaumu vumbi. Akalaumu redio ya Betri, akidai muziki wake unatikisa meza, na redio ikahamishiwa dirishani, ikazimwa, mwishowe ikarudishwa nyumbani. Saa zikaendelea kusimama. Mkunga alikuwa anapita kila baada ya siku chache, anaambiwa bado, anaondoka na saa ya kuazima ambayo mshale wake wa sekunde haufiki popote bila kuruka.

Fundi alifungua saa nzima zisizo na kosa lolote, moja baada ya nyingine, akizitafutia ugonjwa. Kushuku mkono wa Shangazi hakukumjia mtu yeyote akilini. Ungeanza kwanza kulishuku jua.

Mwishowe Fundi alinunua bembea. Aliinunua imetumika, akaificha stoo chini ya taulo, na jioni akawa anazihamishia huko saa zilizokuwa zimesimama. Zote zilikwenda. Asubuhi zilikuwa zinampigia tiktiki usoni kama vile zinamcheka. Hapo akajua. Na baada ya kujua, akanyamaza. Mchana Shangazi alivaa saa, jioni Fundi alizipeleka bembeani, na wateja wakaanza kupewa saa zao huku Shangazi akiamini kwamba mafuta mapya yamesaidia. Betri, aliyekuwa anajua, anasema alikuwa anamwona Fundi akifungua mdomo kumwambia dada yake, halafu anaomba chai. Watu hawajawahi kunywa chai nyingi namna ile karakanani. Utamwambiaje mtu aliyekufunga kamba za viatu kwamba mkono wake haufanyi kazi?

Siri ilifichuliwa na mlio. Shangazi alisikia mvumo stoo, akadhani panya, akaingia na fagio. Alitoka na taulo.

"Nani kaleta mke mwenza humu ndani?"

Fundi akatoa lenzi jichoni. "Dada, hiyo ni ya majaribio tu."

"Majaribio ya nani? Yangu?"

"Ya saa."

"Saa zina mimi! Miaka yote hii saa zina mimi! Leo unaleta bembea, unaifunika taulo, tena taulo langu!"

Ugomvi ulikuwa mkubwa, na maneno mengine hayafai kuandikwa kwenye ratiba ya sherehe. Lakini waliokuwepo wanakumbuka jambo moja kuliko maneno yote. Shangazi, mashoto tangu kuzaliwa, aligomba mwanzo hadi mwisho kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto ulining'inia ubavuni na saa zake zote, kimya. Fundi aliuona. Betri aliuona. Muuza vitambaa, aliyekuwa amevuka barabara ili asipitwe, naye aliuona, na kwa mara ya kwanza katika historia yao hakuongeza neno.

Shangazi akatoa sharti. Ataivaa siku mbili saa ya mkunga, ambayo Fundi alikuwa bado hajairudisha. Isiposimama, bembea inatoka mlangoni. Ikisimama, anatoka yeye.

Siku hizo mbili hakukaa. Alifagia palipofagiwa, alifuta vioo mpaka Betri akagonga mlango kwa paji la uso akidhani uko wazi. Lakini alikuwa anafanya yote kwa mkono wa kulia, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Fundi alikuwa haitazami saa ya mkunga. Anasema alikuwa anaomba isisimame, fundi mzima, anaiombea saa anayojua itasimama.

Mkunga alikuja siku ya pili mchana. Alisimama kaunta, akamtazama Shangazi kwa muda kidogo, kama wanavyotazama wakunga.

"Shangazi, naomba ile bahasha iliyo rafu ya juu."

Shangazi akaifikia kwa mkono wa kulia.

"Irudishe. Nichukulie kwa huo mwingine."

"Kwani umefuata saa au umekuja kunipima?"

"Vyote viwili."

Shangazi aliinua mkono wa kushoto. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma. Akajaribu tena, akauma midomo, ukagoma pale pale. Mkunga akazunguka kaunta, akamshika begani kwa vidole viwili, na Shangazi, ambaye hakulia hata siku ile alipoangukiwa na droo ya vyuma, akatokwa na machozi.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Unalala vipi?"

"Nimekaa."

"Unachana nywele vipi?"

"Navaa kilemba, huoni?"

Mkunga akaigeuza saa yake iliyokuwa mkononi mwa Shangazi. Ilikuwa imesimama. Mganga hajigangi: mtu aliyewaambia wateja wake wote kwamba wagonjwa ni mikono yao, alikuwa amebeba mkono mgonjwa miezi mizima bila kumwambia ndugu yake. Betri alidhani sasa litafuata jambo la kuchekesha, maana karakanani kwetu huwa linafuata. Lakini Shangazi aliketi kwenye kiti chake, akaanza kuzivua saa moja moja na kuzipanga kaunta. Alipomaliza akamuuliza mdogo wake kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo:

"Sasa mkono ukifa, mimi hapa ni nani?"

Fundi si msemaji. Alikaa na lenzi yake mkononi, akaifuta, akaifuta tena. Kisha akasema, "Dada, unadhani watu wanakuja hapa kwa ajili ya mkono wako? Wanakuja kutukanwa. Saa wanazileta ili wapate sababu."

Muuza vitambaa, mlangoni, akaitikia, "Wallahi." Shangazi akacheka huku analia, akamwambia atoke kwenye mlango wa watu, na kwa hilo tukajua atapona.

Daktari amesema bega limeganda, na kwamba linaganduka polepole kwa mazoezi, si kwa kufagia. Zoezi alilopewa ni kuinama, kushika ukingo wa meza kwa mkono mzima, na kuuacha ule mwingine uning'inie na kubembea taratibu kama pendulamu ya saa ya ukutani. Betri alipendekeza afungwe saa mbili za wateja wakati wa zoezi ili muda usipotee. Fagio lilirushwa kwa mkono wa kulia, lakini shabaha ilikuwa nzuri.

Alifikiri kwa wiki moja, kisha akatangaza mwenyewe kwamba anastaafu. Hakuna aliyemsukuma. Alisema angeweza kubaki kaunta na mdomo peke yake, ila hataki kukaa pembeni ya bembea akiitazama ikifanya kazi bila kugombana na mtu. Kabla ya kuondoka alipata faraja moja. Katika wiki ya kwanza ya bembea kuwa mfanyakazi rasmi, saa moja iligoma kabisa kujaa. Fundi akaifungua mara mbili ndipo wakagundua kwamba saa ile hujazwa kwa kuzungushwa upande mmoja tu, na bembea ilikuwa inaizungusha upande wa pili usiku kucha bila faida. Shangazi alitembea na habari hiyo mtaa mzima. Sasa kila saa inawekewa kikaratasi chenye mshale, na ameviandika vikaratasi hivyo yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia, ndiyo maana baadhi ya mishale inaonekana kama samaki.

Kuhusu mafanikio yake, wateja watasema wenyewe siku ya sherehe, kila mmoja kwa muda mfupi tafadhali. Meneja ameomba azungumze kwanza kwa sababu kuna mpira.

Limebaki suala la zawadi, ambalo nusura livunje kamati ya sherehe. Ilipopendekezwa apewe saa, ndipo tukatambua kwamba hana. Shangazi hajawahi kumiliki saa hata moja. Aibu hiyo ilitukalia. Fundi akasema atamtengenezea ya otomatiki kwa mikono yake. Ndipo ubishi ukaanza: mtu mwenye bega lililoganda, anayetakiwa kupumzika, atajazaje saa ya otomatiki? Mkunga akasema tuongeze na bembea. Muuza vitambaa akasema huo ni uchokozi, na yeye anajua uchokozi. Betri akapendekeza saa ya betri, akatazamwa mpaka akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Tulibishana siku tatu, halafu tukafanya jambo tulilopaswa kulifanya mwanzo. Tukamuuliza.

Akasema anataka ya otomatiki, na bembea hataki hata ya bure. Fundi akamkumbusha kwamba kwa mkono ule, itakuwa inasimama kila mara.

"Si isimame," akasema. "Nikiamka niikute imesimama, nitajua nimelala mpaka nikashiba. Na nikiwa sina haraka ya kwenda popote, nitairekebisha nikishakunywa chai."

Fundi aliimaliza jana. Ina mkanda mwembamba wa ngozi na namba kubwa, na ndiyo saa pekee iliyotoka mikononi mwake bila kupimwa na dada yake wala na bembea.

Shangazi, asante kwa kila saa uliyoivaa, kwa kila ukweli uliotuambia bila kuombwa, na kwa kutufundisha kufuta vioo pande zote mbili. Wafanyakazi wote, wateja wote na jirani yako wa ng'ambo tunakutakia asubuhi nyingi, nyingi sana, za kuikuta imesimama.